Nywele za Kipilipili na za Mawimbi: Namna ya Kuzifumua, Kuziosha na Kuzipunguza Ncha Nyumbani

Shule nyingi za Tanzania humtaka mtoto wa kike anyoe, kwa hiyo wengi wetu tumefika utu uzima bila kukaa na nywele zetu wenyewe zaidi ya likizo moja. Mtihani wa kidato cha nne ukiisha kichwa kinaachwa kiote, na nywele zikishashikika tu zinawekwa dawa au zinafichwa ndani ya rasta. Ndiyo maana unamkuta mama wa watoto wawili, hodari wa kila jambo, hajui nywele zake zikilowa zinakuwaje. Mwongozo huu ni wa huyo. Ni wa kipilipili hasa, maana ndizo nywele zilizo nyingi kwetu, ila mwenye mawimbi au vikunjo vikubwa, kama walivyo wengi Unguja, Lamu na Mombasa, naye ana lake humu; pale mambo yanapotofautiana nitasema.

Kabla ya hatua yoyote, lishike hili: ncha ndiyo sehemu ya nywele iliyozeeka kuliko zote. Nywele hukua takriban sentimita 1 hadi 1.25 kwa mwezi, yaani sentimita 12 hadi 15 kwa mwaka. Zikinyooshwa zikafika sentimita 30, basi ncha zake zina umri wa miaka miwili au zaidi, na muda huo wote zimeoshwa, zimechanwa, zimesukwa na kusuguana na mito na vilemba. Mtu anayelalamika kwamba nywele zake hazikui, mara nyingi zinakua vizuri tu. Tatizo ni kwamba zinakatika nchani kwa kasi ileile zinayoota nayo kichwani. Kwa hiyo kazi yetu yote ni mbili: kulinda ncha, na kuzikata zile ambazo hazilindiki tena.

Kipilipili kina shida ya ziada. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa huteremka kirahisi kwenye nywele za singa, lakini kwenye unywele uliojikunja hayafiki mbali, na kila kona ya mkunjo ni mahali ambapo unywele unaweza kukatikia. Si kwamba nywele hizi ni ngumu, kama tulivyozoea kuambiwa. Ni dhaifu, na zinataka mkono mwepesi.

Hatua ya 1: Zitazame zikiwa tupu

Zioshe, usipake kitu, ziache zikauke zenyewe. Sasa shika shungi moja utazame umbo lake. Kama linapinda taratibu kama herufi S, hayo ni mawimbi. Kama linazunguka kwa upana wa chaki, ni vikunjo. Kama linajisokota kwa wembamba wa springi ya kalamu au linakwenda zigizaga, hicho ni kipilipili. Usishangae ukikuta aina mbili au tatu kichwani mwako. Utosini na kisogoni mara nyingi hazifanani.

Kisha livute shungi hilo mpaka linyooke, halafu liachie. Kuna kipilipili kinachorudi mpaka robo ya urefu wake. Kumbuka umbali huo, maana tutauhitaji tukifika kwenye mkasi.

Ule mtihani wa kutumbukiza unywele kwenye glasi ya maji kuona kama utazama, achana nao. Unywele wenye mafuta huelea na unywele uliolowa huzama, basi. Angalia badala yake nywele zako zinachukua muda gani kulowa na muda gani kukauka. Zinazolowa upesi na kukauka upesi zinahitaji krimu nzito zaidi. Zinazokataa maji zinataka maji ya uvuguvugu na mafuta mepesi, kidogo.

Hatua ya 2: Fumua kabla hujalowesha

Hapa ndipo nywele nyingi zinapopotelea. Ukifumua rasta, tazama shina la kila suko. Utaona kijiuchafu cha kijivu kimejikusanya pale, mchanganyiko wa mafuta, vumbi, jasho na nyuzinyuzi za nguo. Kikilowa kabla hujakitoa, kinashikana na nywele zilizokwisha ng'oka na kuwa fundo ambalo litaishia kwenye mkasi. Kwa hiyo suko likifunguka tu, kabla hujagusa jingine, kisugue kijiuchafu hicho kwa ncha za vidole viwili na tone la mafuta ya nazi mpaka kikatike vipande, kisha uchane kipande hicho kwa chanuo la meno mapana. Ndipo uende kwenye suko linalofuata. Ni kazi ya jioni nzima, ndiyo. Weka tamthilia.

Usiogope ule mpira wa nywele utakaobaki mkononi. Kichwa cha mtu mzima huangusha nywele kati ya 50 na 100 kila siku, na ndani ya rasta hazina pa kuangukia. Wiki sita ni siku 42. Piga hesabu, ni nywele 2,100 hadi 4,200. Zile zilizong'oka zenyewe ni ndefu na zina kijiupande cheupe kwenye mzizi. Ukiona vipande vifupi visivyo na mzizi, hizo zimekatika, na hapo kuna neno.

Ukimaliza, paka mafuta ya nazi kuanzia katikati hadi nchani na ukae nayo nusu saa au hata usiku kucha kabla ya kuosha. Katika mafuta tuliyonayo jikoni, ya nazi ndiyo yanayosifika kwa kupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Ya nyonyo ni mazito na hukaa juu. Mazuri kwa kazi nyingine, ila si hii.

Hatua ya 3: Osha kwa mafungu

Gawa nywele mafungu manne, ubane kila moja kwa kibanio. Usizikusanye zote utosini na kuzifikicha kama unafua. Hapo ndipo zinaposokotana.

Kama huna bomba la mvua, ndoo mbili na jagi vinatosha. Inamisha kichwa nyuma badala ya mbele kama unaweza, ili maji yafuate nywele kuelekea nchani. Shampuu ni ya ngozi ya kichwa. Isugue kwa nyama ya vidole, si kwa kucha, na povu linaloteremka linatosha kuosha urefu uliobaki. Sabuni ya mche iache kwenye nguo, na magadi yabaki jikoni: vyote viwili vina alkali inayoyafungua magamba ya unywele na kuyaacha yakikwaruzana.

Maji yenyewe ni suala. Sehemu nyingi za Dar es Salaam watu wanaoga maji ya kisima yenye chumvi, na ukiyatumia mwaka mzima nywele zinakuwa na ugumu ambao hakuna mafuta yanayoulainisha. Kama ndiyo hali yako, tunza ndoo ya maji ya mvua au ya bomba kwa suuza ya mwisho. Mara moja kwa mwezi unaweza kusuuza kwa siki, vijiko viwili vya chakula katika lita moja ya maji, kisha uimalizie kwa maji matupu. Isizidi hapo, siki kali inaunguza ngozi.

Baada ya shampuu, kondishena, na usiwe na uchoyo. Paka fungu moja mpaka nywele ziteleze, pitisha vidole kwanza, kisha chanuo. Anzia nchani, sentimita tatu za mwisho, zikipita panda juu kidogo, na hivyo hivyo mpaka kwenye ngozi. Anayeanzia juu anasukuma mafundo yote yakutane chini. Ukikutana na fundo sugu ongeza kondishena, shika nywele juu ya fundo kwa mkono wa pili ili ngozi isivutwe, ulifumue kwa vidole. Fungu likiisha lisokote twisti kubwa na ubane kabla ya kwenda jingine.

Kipilipili kinatosheka na kuoshwa mara moja kwa wiki moja au mbili. Mawimbi huonyesha mafuta upesi. Yanaweza kuoshwa mara mbili kwa wiki. Ukitoka kuoga baharini, suuza maji baridi siku hiyohiyo.

Kukausha: kanda maji kwa viganja, halafu funga kichwa kwa fulana kuukuu ya pamba. Taulo lina vitanzi vinavyonasa nywele.

Hatua ya 4: Paka, lakini si kila kitu

Mafuta hayaongezi maji kwenye nywele, yanayazuia yasitoke. Kwa hiyo mpangilio ni huu: nywele mbichi, kisha krimu au kondishena ya kuacha kichwani, kisha mafuta kidogo nchani. Kupaka mafuta kwenye nywele kavu ni kufunga mlango wa nyumba tupu.

Ngozi ya kichwa ni habari nyingine. Tumelelewa kupakwa mafuta kwenye kila mstari wa nywele, hasa tukiwa na mba. Lakini mba unahusiana na aina ya fangasi wanaokula mafuta, kwa hiyo unakuwa unawapikia. Mba unataka kuoshwa mara nyingi zaidi, na shampuu ya ketokonazo kutoka duka la dawa. Mtoto akiwa na mabaka yenye magamba ambapo nywele zimekatika, hayo huenda ni mapunye, na mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka tu; apelekwe hospitali apewe dawa ya kumeza.

Glisirini itumie kwa kuangalia hali ya hewa. Huvuta unyevu kutoka palipo na unyevu. Dar na Tanga, wakati wa masika, hewa imejaa maji na nywele zitavimba mpaka twisti zipoteze umbo. Dodoma mwezi Julai hewa ni kavu, na glisirini inaweza kuutoa unyevu ndani ya unywele wenyewe. Huko Dodoma punguza glisirini, zidisha krimu na mafuta.

Hatua ya 5: Zilaze salama

Twisti au mabutu kabla ya kulala, kitambaa cha satini kichwani au foronya ya satini. Anayejifunga mtandio kutwa avae kofia ya satini chini yake, na asijifunge nywele zikiwa mbichi. Zinavunda, na ngozi inaanza kuwasha.

Kunyoosha bila moto, hakuna kinachoshinda uzi. Mtindo ule wa bibi zetu, uzi mweusi unaozungushwa kutoka shinani hadi nchani, unanyoosha kipilipili usiku mmoja bila kuunguza kitu.

Kwa msusi, jambo moja tu: nywele za mbele. Mwambie mapema.

"Dada, naomba mbele usibane."

"Nisipobana si zitafumuka wiki ijayo?"

"Zifumuke tu, nitarudi unirudishie mistari miwili."

Mlipe hiyo mistari miwili kwa moyo mweupe. Kichwa kikiuma usiku, vipele vikiota kwenye mashina, au ukishindwa kukunja uso, fumua usiku huohuo, hata kama ni rasta za harusi. Nywele za mbele zinazovutwa miaka na miaka hufika mahali mizizi ikafa, na hapo hazioti tena. Rasta zisipite wiki nane.

Hatua ya 6: Mkasi

Kukata hakuharakishi ukuaji. Nywele zinaota kwenye ngozi na hazina habari na kinachotendeka nchani. Tunakata kwa sababu ncha iliyopasuka huendelea kupasuka kwenda juu, na kwa sababu ncha mbovu hunasa jirani zake na kufunga mafundo.

Usikate kwa kalenda. Kagua kila baada ya miezi mitatu au minne. Dalili ni hizi: mkia wa twisti unakuwa mwembamba ghafla, ukiuweka mbele ya kitambaa cheupe unaona mwanga unapita, chanuo linakwama sentimita mbili za mwisho tu, na ukipitisha vidole unahisi vijifundo vidogo kama punje za mchanga. Vijifundo hivyo ni unywele mmoja uliojifunga wenyewe. Usihangaike kuvifungua, kata juu yake kidogo tu.

Nunua mkasi wa nywele na uufiche. Ukikatia karatasi au uzi wa cherehani mara moja, hautafaa tena kwa kazi hii. Mkasi butu unatafuna unywele na kuuacha umepasuka palepale ulipotaka kuuponya.

*Ukipendelea twisti na mitindo ya kunyoosha.* Nyoosha kwa uzi usiku kucha, nywele zikiwa safi na kavu. Usikate zikiwa mbichi: zilizolowa zinaning'inia, zikikauka zinarudi juu, na ule umbali uliouona kwenye hatua ya kwanza ndio kosa utakalobaki nalo. Gawa mafungu manane hadi kumi na mawili, kila fungu usokote twisti mbili au tatu hadi mwisho kabisa. Anza na mstari wa chini kisogoni, kwa sababu mkono ukikosea pale hakuna atakayeona. Shika twisti kwa kidole cha shahada na cha kati, telezesha vidole kuelekea chini mpaka unapohisi unene unapungua, simama, kata chini ya vidole kwa mkato mmoja ulionyooka. Nusu sentimita, isizidi moja. Kama bado kuna ncha mbovu, rudi baada ya mwezi. Usizifuate juu siku hiyohiyo.

Ukienda twisti inayofuata, ilinganishe na jirani yake tu. Usilinganishe upande wa kushoto na wa kulia, utajikuta unapunguza hapa, unasawazisha pale, mpaka kichwa kiishe. Kipilipili hakikui sawa pande zote, na kikishajikunja hakuna anayeona tofauti ya sentimita moja.

*Ukivaa afro.* Kata kwa macho, si kwa kipimo. Chambua nywele kwa chanuo mpaka zisimame zote, kaa mbele ya kioo kukiwa na mwanga wa mchana, na kata zile tu zinazochomoza nje ya umbo. Kila baada ya mikato michache weka mkasi mezani, tikisa kichwa, rudi nyuma hatua mbili utazame. Kisogoni mwombe mtu, na umwambie akate nusu ya anachotaka kukata.

*Mwenye vikunjo na mawimbi.* Hapa hesabu inabadilika, maana kila kikunjo kina mahali kinapogeukia. Kata zikiwa kavu, zimelala kama unavyozivaa, shungi kwa shungi. Liache shungi lining'inie bila kulivuta, tazama pale linapogeuka chini kabisa, ukate hapo. Ukikata katikati ya mgeuko, ncha itachomoza upande kama kulabu. Wembe na ule mkasi wa meno wa kupunguza unene viache kabisa, vinazalisha manyoya mafupi yanayosimama siku ya unyevu. Nywele zinazoangukia usoni ziache ndefu kuliko unavyotaka: ukitaka ziguse nyusi, kata kwenye ncha ya pua kwanza, uone zinarudi wapi.

Nywele zenye vikunjo zikiwa na urefu mmoja zote, chini zinatanuka na juu zinalala, na kichwa kinakuwa pembetatu. Dawa yake ni kukata kwa tabaka, za juu fupi kidogo kuliko za chini. Kazi hiyo nakushauri umpe fundi, ila umuulize maswali mawili kabla hujaketi: utakata zikiwa kavu, na umeshawahi kukata nywele zilizojikunja bila kuzipiga pasi? Akijibu kwamba ananyoosha kwanza, mshukuru uondoke. Umbo la nywele zilizonyooshwa halitakuwapo wiki ijayo.

Kama unaacha dawa

Nywele zilizowekwa dawa hazirudi kuwa kipilipili, hakuna stimingi wala parachichi litakaloziamsha. Pale nywele mpya zinapokutana na zenye dawa ndipo panapokatika, kwa hiyo ama kata zote zile za zamani siku moja, ama punguza sentimita mbili kila mwezi huku ukivaa twisti za kuficha tofauti. Mimi nashabikia ya kwanza, lakini najua si kila kazi na si kila nyumba inapokea kichwa kifupi kwa furaha.

Zilizounguzwa na pasi zinajulikana kirahisi: zikilowa, zinabaki zimenyooka huku jirani zake zimejikunja. Nazo ni za mkasi.

Baada ya kukata

Fumua twisti zote, tikisa, acha zikae siku mbili kabla hujagusa mkasi tena. Kisha chagua shungi moja nyuma ya sikio, linyooshe, lipime kwa futi ya fundi cherehani na uandike namba na tarehe. Rudia baada ya miezi minne. Limeongezeka sentimita nne au zaidi, endelea ulivyo. Limeongezeka moja au mbili tu, kuna mahali zinakatika: anza kukagua mto, kisha kilemba, kisha mkono wa msusi.